Mtihani Upi Mgumu, wa Jumla au wa Somo? Vidokezo 9 kwa Watahiniwa wa Tabora hadi Ujiji

Kila Mei inapokaribia, mabweni ya Tabora hujaa ubishi uleule. Wa tahasusi ya PCB anadai General Studies (GS) ni maneno tu, mtu anaingia nayo kichwani kutoka nyumbani. Wa HGL anajibu kwamba afadhali insha tatu za GS kuliko swali moja la Basic Applied Mathematics (BAM). Wa tatu anaapa kuwa Fizikia ndiyo mtihani pekee unaostahili jina hilo. Ubishi wa bwenini hauna madhara. Madhara huja pale mtahiniwa anapopanga ratiba yake ya msuli kwa kufuata sifa za mtihani, akasahau kuuliza mtihani huo utamfaa nini siku ya kuomba chuo.

Kama unasoma Tabora Boys, Tabora Girls, Milambo au Kazima, au uko mbele zaidi, Urambo, Kaliua, Uvinza hadi Ujiji, vidokezo hivi ni vyako. Unaishi kwenye njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe, hapa Tabora, kisha ikashuka Ziwa Tanganyika. Reli ya Kati iliifuata kwa karibu, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Leo njia hiyohiyo inawapeleka vijana Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam kutafuta shahada. Twende.

1. Kwanza uliza mtihani unaamua nini

Ugumu ni swali la pili. Swali la kwanza ni hili: alama ya mtihani huu inahesabiwa wapi?

Katika mtihani wa Kidato cha Sita, daraja lako linatokana na masomo matatu ya tahasusi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, nayo inaangalia masomo ya tahasusi: sharti la chini la kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili yanayohusiana na kozi, yenye jumla ya pointi 4.0. GS haiongezi pointi hata moja hapo. A ya GS ni alama ya kujivunia, lakini haiwezi kuziba pengo la E ya Kemia.

Kwa hiyo mtu anayekesha na GS wiki mbili kwa sababu inamtisha, huku Kemia yake inayumba, anajihangaisha mahali pasipo na malipo. Na anayeiacha kabisa kwa sababu haina pointi, yeye naye anakosea, kama tutakavyoona kwenye kidokezo cha 6.

2. Jua kila mtihani ni mgumu kwa namna gani

Mtihani wa jumla ni kuijua njia nzima toka Bagamoyo hadi Ujiji, kila kambi na kila mto wake. Mtihani wa somo ni kusimama kwenye kambi moja na kuchimba kisima mpaka maji yatoke.

GS inakutaka uzungumzie falsafa na dini, maendeleo, demokrasia, sayansi na teknolojia, uhusiano wa kimataifa na changamoto za jamii, yote katika karatasi moja ya saa tatu. Hakuna mada inayokwenda chini sana, ila huwezi kutabiri utaulizwa ipi. Ugumu wake uko katika upana, mpangilio wa hoja na mifano ya kweli.

Fizikia, Kemia na Baiolojia zina karatasi tatu kila moja, mojawapo ikiwa ya vitendo. Hapo hakuna pa kujificha. Usipojua kanuni, maneno mazuri hayakuokoi. Na ukijua kanuni lakini mkono haujazoea vifaa, karatasi ya maabara itakuumbua. Historia na Jiografia zina karatasi mbili mbili, na kila moja inadai kumbukumbu na uchambuzi kwa pamoja.

Ukishajua aina ya ugumu, utajua aina ya maandalizi. Upana unajengwa kidogokidogo kwa muda mrefu. Kina kinajengwa kwa kukaa na tatizo moja mpaka likubali.

3. Usipime ugumu kwa asilimia ya waliofaulu

Matokeo yakitoka, watu hukimbilia orodha: somo hili wamefaulu wengi, basi ni rahisi, lile wamefeli wengi, basi ni gumu. Hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu wanaofanya mitihani hiyo si watu walewale.

GS inafanywa na kundi zima: wa sayansi, wa sanaa, wa biashara. Advanced Mathematics inafanywa na waliochujwa tayari kwa alama zao za Kidato cha Nne, kisha wakaichagua. Ukiona waliofanya Hisabati wamefaulu vizuri, huenda unaona nguvu ya watahiniwa, wala si wepesi wa mtihani.

Marekani walilijua hili kwa miaka mingi. College Board, shirika linaloandaa mitihani ya kuombea chuo, ilikuwa na SAT ya jumla, na pembeni yake mitihani ya SAT ya somo mojamoja, kila mmoja wa saa moja, yenye alama kuanzia 200 hadi 800. Katika Hisabati ya Daraja la 2, waliopata 800 kamili walikuwa wengi sana, kwa kuwa waliojitokeza walikuwa mabingwa wa hesabu. Katika mtihani wa Kichina, wengi waliokaa kwenye dawati walikuwa wamelelewa na lugha hiyo nyumbani. Asiyejua hayo angesema Kichina ni chepesi kuliko Fasihi ya Kiingereza. Mitihani hiyo ya somo ilifutwa mwaka 2021, lakini funzo lake linabaki: kabla ya kuuita mtihani mwepesi, tazama nani wameufanya.

4. Tenganisha pointi za NECTA na pointi za TCU

Hapa wengi huchanganyikiwa, hata wazazi. Baraza la Mitihani, NECTA, likipanga daraja, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Pointi chache ndizo nzuri: jumla ya 3 hadi 9 ni Daraja la Kwanza.

TCU inageuza. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni 0.5. Hapa pointi nyingi ndizo nzuri.

Kama ndugu yako alimaliza Kidato cha Sita mwaka 2014 au 2015, alama zake zilipangwa kwa utaratibu mwingine uliokuwa na B+, na kwake C inahesabiwa 2, si 3. Akitaka kuomba chuo leo, asitumie jedwali lako. Mkae pamoja, kila mtu na cheti chake, kila mtu na hesabu yake.

5. Soma sharti la kozi, somo kwa somo

Hiki ndicho kidokezo kinachookoa ndoto nyingi. Kufikisha pointi 4.0 ni mlango wa nje tu. Kila kozi ina mlango wake wa ndani, na funguo zake ni masomo.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa PCB mwenye B ya Baiolojia, D ya Kemia na S ya Fizikia. Kwa TCU ana 4 na 2 katika masomo mawili, jumla 6. Amevuka sharti la jumla kwa raha. Lakini akiomba Udaktari wa Binadamu atakwama, kwa sababu kozi hiyo inataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja isiwe chini ya D. Fizikia yake moja imefunga mlango ambao jumla yake ilikuwa imeufungua. Mwenzake mwenye D tatu, ambaye bwenini hakuna aliyemsifu, anatimiza sharti la chini la kuomba, ingawa ushindani wa nafasi bado unamsubiri.

Upande wa uchumi na biashara kuna somo lingine la kuangalia: BAM. Haiingii kwenye pointi za kudahiliwa, lakini kozi nyingi za uchumi humtaka asiye na Advanced Mathematics awe angalau na S ya BAM, au alama nzuri ya Hisabati ya Kidato cha Nne. Kwa hiyo wa HGE anayeiona BAM kama mzigo wa ziada aiangalie upya. Hapo S moja ina thamani kubwa.

Na wewe wa Kidato cha Nne unayewaza chuo cha kati, sheria ni ileile. Daraja lako ni picha ya jumla. Chuo cha afya, kama kile cha Nkinga kule Igunga, kinachungulia ndani ya daraja: Kemia umepata nini, Baiolojia umepata nini, Fizikia je? Daraja la Tatu lenye masomo hayo matatu linaweza kukufikisha mahali ambapo Daraja la Pili lisilo nayo halifiki.

6. Ipe GS heshima yake, kwa mifano ya hapahapa

GS haina pointi, ila inakupa kitu utakachokihitaji siku ya kwanza chuoni: uwezo wa kuandika hoja. Vyuo vikuu vingi nchini huwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kozi za lazima za stadi za mawasiliano na za maendeleo, hata kama umekwenda kusomea uhandisi. Hizo ni GS iliyokua.

Habari njema ni kwamba mkazi wa Tabora amezungukwa na majibu. Swali likiuliza kuhusu mazingira, unayo tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge: inaingiza fedha, na kukausha majani yake kunakula kuni za misitu ya miombo. Palepale unao ufugaji nyuki, unaohitaji miti isimame. Tabora ina hata chuo chake cha ufugaji nyuki. Hoja mbili zinazovutana, zote za kweli, zote za nyumbani.

Swali likiuliza kuhusu biashara ya kimataifa na athari zake, anza na misafara ya karne ya 19. Pembe za ndovu na watu waliotumikishwa walipelekwa pwani. Nguo, shanga na bunduki zikaja bara. Wanyamwezi wakajulikana kwa upagazi na biashara. Mtemi Mirambo akajenga dola iliyodhibiti njia. Ukienda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kuna tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya yeye na Stanley kutoka Ujiji. Swali likiuliza kuhusu miundombinu, unayo Reli ya Kati, reli mpya ya SGR inayojengwa kupita Tabora, na bomba linaloleta maji ya Ziwa Victoria.

Ratiba yake ni nyepesi: insha moja kila wiki, kwa saa, kwa mkono, apewe mwenzako wa mchepuo tofauti aisome. Wa PCM akisoma insha ya wa HKL, wote wawili wananufaika. Ongeza taarifa ya habari ya redio kila jioni na daftari dogo la mifano. Hadi Mei utakuwa na mifano mingi kuliko utakayoweza kuandika.

Na mitaala inabadilika. Mageuzi ya 2023 yameleta Historia ya Tanzania na Maadili kama somo la lazima, na mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65 badala ya zile chache tulizozizoea. Mwulize mwalimu wako wa taaluma ni masomo gani ya jumla yanayokuhusu wewe na mwaka wako. Usimfuate kaka aliyemaliza miaka mitano iliyopita.

7. Tazama majirani wanavyopima upana na kina

Kuwajua majirani kunakusaidia kuona kwamba hakuna nchi iliyochagua upande mmoja tu.

Uganda, kwa utaratibu uliozoeleka, somo la tahasusi lenye A lina pointi 6, na karatasi ya jumla ina pointi 1. Ukijumlisha masomo matatu, karatasi ya jumla na somo moja la nyongeza, kilele ni pointi 20. Kule upana una pointi, ingawa ni chache.

Kenya haina Kidato cha Sita tangu ilipohamia mfumo wa 8-4-4. Mtihani wake wa mwisho wa sekondari, KCSE, una pointi 84 kwa masomo saba, na kila kozi ina kundi la masomo manne lenye pointi 48. Kanuni iliyotumika kwa muda mrefu inazidisha sehemu hizo mbili. Maana yake, mwenye kundi zuri la masomo lakini jumla dhaifu anashuka, na mwenye jumla nzuri lakini kundi dhaifu anashuka pia.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, pale Kalemie na Uvira, mtihani wa taifa wa Kongo una sehemu ya maarifa ya jumla na sehemu ya masomo ya mchepuo, na mtahiniwa hupita zote.

Kama una ndoto ya kusoma nje, jua mapema unapimwa kwa kipi. Uingereza inaangalia zaidi masomo machache uliyozama ndani yake, na baadhi ya vyuo huongeza jaribio la udaktari au la sheria. Marekani huangalia picha pana.

8. Mtu mzima, usijihesabu umechelewa

Njia hii ya Tabora hadi Ujiji ina walimu wa msingi, wauguzi, makarani wa reli na wakulima waliomaliza shule zamani na bado wanatamani shahada. Kwenu pia swali la jumla na somo lipo.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watu wapate uzoefu wa kazi kabla ya kwenda chuo kikuu, na likawafungulia mlango watu wazima. Kwa miaka mingi, mtihani wa watu wazima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa na karatasi mbili: moja ya kupima uwezo wa jumla wa kufikiri, nyingine ya somo alilochagua mwombaji. Ilibidi kufaulu zote mbili. Leo kuna utaratibu wa kutambua maarifa yaliyopatikana nje ya darasa, chini ya usimamizi wa TCU.

Aliyekuwa darasani miaka mingi iliyopita mara nyingi huiogopa karatasi ya somo, na ana haki, maana kanuni za darasani husahaulika. Katika karatasi ya jumla ana mtaji asiouona: ameendesha ofisi, amesuluhisha ugomvi, amesoma mikataba. Basi aanze na somo, mapema, kwa vitabu vya Kidato cha Tano na cha Sita.

Kwa waliokosa pointi, Chuo Kikuu Huria, chenye kituo cha mkoa hapa Tabora, kina kozi ya msingi inayotaka umalize na wastani wa 3.0 katika masomo sita, na angalau C katika masomo matatu ya fani. Upana na kina, tena kwa pamoja.

Historia ya mji huu inaunga mkono hilo. Julius Nyerere alisoma Tabora Boys hadi 1942, akaenda Makerere 1943, akarudi Tabora kufundisha St. Mary's kuanzia 1946, kisha 1949 akaenda Edinburgh. Huko alisoma shahada pana ya sanaa, yenye uchumi, historia, sheria ya katiba, anthropolojia na falsafa ya maadili, akaimaliza 1952. Hakukosa kina: aliingia Makerere kwa ushindani mkali. Lakini upana ule ulimtumikia maisha yake yote.

9. Gawanya saa kwa malipo, si kwa hofu

Katika kila saa 10 za msuli, ipe tahasusi 8, BAM 1 kama unayo, na GS 1. Usiye na BAM, saa hiyo nenda nayo maabara au kwenye maswali ya miaka iliyopita. Ndani ya zile 8, somo lako dhaifu lipate fungu kubwa kuliko lile unalolipenda, hasa kama kozi yako inalitaja kwa jina.

Mock ikitoka, usiangalie daraja peke yake. Chora safu mbili: alama nilizopata, na alama ambayo kozi yangu inataka. Tofauti kati ya safu hizo ndiyo ratiba yako ya wiki zilizobaki. Nyumbani nako eleza mapema. Msimu wa tumbaku ukigongana na likizo, mzazi anayejua kwamba unahitaji saa mbili za Kemia kila asubuhi atakupangia kazi za jioni. Asiyeambiwa hawezi kujua.

Halafu soma mwongozo wa udahili wa TCU kabla ya mtihani. Wengi huufungua matokeo yakishatoka, wakati alama haziwezi tena kubadilika. Leo hii, kabla hujalala, andika kozi tatu unazozitaka. Mbele ya kila kozi andika masomo yanayokuingiza na alama ya chini ya kila somo. Bandika karatasi hiyo ndani ya kabati lako, na kila Jumapili iangalie kabla ya kupanga wiki mpya.